Mota Iliyobaki

Kinampanda,
4 Februari 2024

Mdogo wangu Joshua,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Sisi hatujambo. Mahindi yamesimama vizuri, isipokuwa upande wa Mzee Alute, ambako ng'ombe wake wameingia na yeye anaapa kwamba si wake. Nimemwambia basi nitawachinja, kwa kuwa hawana mwenyewe. Akaenda kuwafukuza mwenyewe.

Boksi utakalopewa na Philipo, yule kondakta wa basi, lina deki yangu iliyokufa na simu ya binti yangu Kristina. Deki usihangaike kuifufua. Ifungue tu, uchukue ile droo inayotema sahani za video pamoja na gia zake. Niliipakata, nikaisukuma kwa kidole, ikatoka taratibu, nikasema hivi ndivyo mti wa geti la reli unavyotakiwa kushuka. Simu ya Kristina haiingizi chaji. Itazame, maana ndiyo simu pekee ya nyumba hii. Mimi na simu unajua hatuelewani, humo masikio yangu yanasikia mluzi tu. Ndiyo maana nakuandikia kama mtu wa zamani.

Najua huko Utemini wanakucheka kwamba fundi mzima anachezea treni ya makopo. Waambie ni mimi niliyekutuma. Nilikaa kwenye lile geti la reli muda mrefu kuliko nilivyokaa na marehemu mke wangu. Treni zilipokuwa zinakuja, nilishusha mti, nikasimama na bendera, ikapita, nikaupandisha. Kisha treni zikaacha kuja, na hakuna aliyeniambia niondoke. Nikaendelea kuamka alfajiri, kuupaka mti rangi nyekundu na nyeupe, kufyeka nyasi kwenye mataruma, kushusha geti na kulipandisha ili mnyororo usishike kutu. Wachunga mbuzi walikuwa wanasimama kwa heshima huku mbuzi wao wakipita chini. Mpaka karatasi ya kustaafu inafika, hakikupita kitu, hata kiberenge cha mafundi wa reli.

Sikuombi makubwa. Nataka nikae kwenye kiti, nibonyeze swichi, kengele ilie, geti lishuke, treni ipite, geti lipande. Mara moja inanitosha. Nataka niondoke duniani nikiwa nimefunga geti na kitu kimepita.

Mguu bado umevimba kidogo. Ni mbu wa mvua hizi.

Kaka yako,
Hezekia Msengi


Utemini, Singida,
11 Februari 2024

Kaka yangu mpendwa Hezekia,

Shikamoo. Huku tuko salama, ila umeme unakuja ukijisikia, na mimi nafanya kazi ukijisikia.

Deki nimeifungua. Mota yake imeungua, lakini gia ni nzima, nyeupe kabisa. Nimefunga mti wa geti kwenye droo kwa spoku ya baiskeli, nikaupaka rangi zako mbili. Ukiusukuma kwa mkono unashuka kwa adabu zote.

Shida yangu ni mota. Zamani kila redio iliyoletwa hapa ilikuwa na sehemu ya kaseti, na ndani yake mota inayozunguka kwa mwendo mmoja, bila papara. Redio za siku hizi ni za memori kadi. Ukifungua ndani hamna kinachozunguka. Mota za magari ya watoto ninazo tele, lakini zina kichaa. Nilijaribu moja, mti ukashuka kwa kishindo ukavunja kibanda cha mlinzi. Ungekuwemo ndani ungelala kwa mganga.

Nilichofanya ni hiki. Mota ya redio kaseti yangu, ile tuliyokuwa tunasikilizia kwaya kwa mama, nimeitia kwenye treni. Mota ya geti nimeiazima ndani ya redio ya Mama Felista, jirani yangu wa hapa, ambaye ameiacha kwangu tangu Krismasi akisubiri nimtafutie mkanda wa mpira. Yeye hajui. Akipita akiuliza, namwambia redio yake iko wodini, hairuhusiwi kuonwa.

Simu ya Kristina, mwambie mwanangu anisamehe. Iliingia maji, bodi imeoza. Kwenye kikaratasi chake aliandika kwamba ikishindikana nitoe humo chochote kitakachonifaa, basi nimetoa kile kimota kidogo kinachofanya simu itetemeke. Nimekiweka kando ya kizibo cha soda, kinakigonga mfululizo, na hiyo ndiyo kengele yako. Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka peke yangu dukani. Simu nyingine nitamtafutia, anipe muda.

Mguu wako sijaupenda. Mbu gani huyo anayevimbisha mguu tangu mwaka jana? Nenda hospitali.

Mdogo wako,
Joshua


Kinampanda,
20 Februari 2024

Mdogo wangu Joshua,

Marahaba. Barua yako amenisomea Kristina, kwa sababu miwani yangu nimeikalia.

Sikiliza vizuri, usije ukanitia aibu. Kengele inatangulia. Inalia peke yake kwanza, ili mwenye ng'ombe aamue kusimama au kukimbiza. Ndipo mti unashuka. Treni haipiti mpaka mti umelala kabisa. Ukigeuza mpangilio huo umeua mtu, hata kama mtu mwenyewe ni wa udongo. Na kibanda cha mlinzi ukijenge upya, mlango uelekee reli, usielekee barabara. Watu wengi wanakosea hapo. Mlinzi hana shida na barabara; barabarani watu wanakuja tu. Anayengojwa anatoka upande wa reli.

Hospitali nimekwenda. Wamenipa vidonge, wakasema nipunguze chumvi, na Kristina amegeuka askari wa chumvi. Basi, hakuna zaidi.

Usije sasa hivi. Umeandika kwenye kikaratasi ulichompa Philipo kwamba unataka kuja kuniona. Ukija mikono mitupu nitakurudisha. Njoo na kitu kilichokamilika. Geti nusu sitaki, nimeshaona mambo nusu ya kutosha.

Kaka yako,
Hezekia


Kinampanda,
6 Machi 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Natumaini hamjambo wote. Naandika kwa haraka, Philipo ananisubiri barabarani na basi linapiga honi.

Baba anaumwa sana. Njoo, baba mdogo. Mwambie na shangazi Evodia atoke Ikungi, mje pamoja, usije peke yako. Mambo ya treni yaache, si muhimu sasa. Muhimu ni mje.

Msiwe na wasiwasi njiani. Mungu yupo.

Mwanao,
Kristina


Utemini, Singida,
7 Machi 2024

Dada yangu Evodia,

Barua hii anakuletea mwanangu Mughwai. Sikutaka kukupigia simu, unajua kwa nini. Nimemwambia ahakikishe umekaa, na jirani yuko karibu. Kaa kwanza, dada.

Kaka Hezekia hatunaye.

Kristina hakuandika hivyo. Ameandika tunavyoandikianaga. Ameandika baba anaumwa sana, tuje, tuje pamoja, nisije peke yangu. Unakumbuka ya mama. Tuliambiwa mama anaumwa, tukanunua machungwa ya mgonjwa, tukashuka na machungwa mkononi tukakuta turubai la msiba limeshafungwa. Mpaka leo sili machungwa. Na ameandika kwamba mambo ya treni niyaache, si muhimu sasa. Wewe unamjua kaka. Angekuwa anapumua angekubali neno hilo litoke ndani ya nyumba yake? Nilipofika hapo nilikaa chini kwenye sakafu ya duka, wateja wakinitazama.

Nilimpigia Mzee Alute, jirani yake. Nikamuuliza kaka anaendeleaje. Akasema, "Hali si nzuri, Joshua. Njooni tu." Njooni tu. Sikumuuliza zaidi. Si vizuri kumlazimisha mzee wa watu aseme jambo kama hilo kwenye simu.

Gari la kukodi, Noah, nimelipata la Jumamosi. Kesho lingepatikana dogo la kutubeba mimi na wewe tu, nimelikataa. Haraka ya nini sasa? Njoo na wanawake wa kanisani kwenu, na mimi nakusanya wa huku, tuingie kwa kaka kwa heshima yake.

Nimefunga duka. Vitu vya watu nimevirudisha, maana mtu akienda msibani hajui atarudi lini. Redio ya Mama Felista nimeirudishia mota yake, nikakata mkanda kwenye tyubu ya baiskeli, ikaimba, akaondoka nayo akiniombea baraka. Kwa hiyo geti la kaka limebaki gia tupu. Sikulivunja kwa hasira, dada. Nililifungua skrubu moja baada ya nyingine huku nalia, kwa sababu mikono ilitaka kazi.

Jikaze. Tukutane stendi.

Kaka yako,
Joshua


Kinampanda,
12 Machi 2024

Mdogo wangu Joshua,

Anayeandika ni Kristina, maneno ni yangu. Nimemwambia asipunguze hata moja.

Marahaba. Jumamosi hukuniamkia, kwa hiyo nakudai.

Nilikuwa nimelala, dirisha wazi. Nikasikia gari linasimama. Nikamwambia Kristina, huyo ni Joshua, ameleta geti, hebu niinue. Akaniinua, akaniwekea mto mgongoni. Nikamwambia anifunge vifungo vya shati, maana sikutaka kulipokea geti kifua wazi. Alikuwa anafunga kifungo cha mwisho wakati Evodia alipoangua kilio kule njiani. Aliita jina langu. "Kaka Hezekia, umetuacha na nani." Na wanawake nyuma yake wakapokea. Nilidhani kuna mtu amekufa humu ndani na Kristina amenificha, nikamuuliza, ni nani? Kisha nikasikia sauti yako. Sijakusikia ukilia hivyo tangu tulipomzika mama.

Ndipo mkaingia, mkanikuta nimekaa.

Mwanamke mmoja nisiyemjua alijifunika kanga usoni akarudi nje kinyumenyume. Evodia alikaa chini. Wewe ulisimama mlangoni, nikakutazama mikono, nikaona ni mitupu. Nikakuuliza, geti liko wapi? Ukatoka, hukurudi. Wameniambia ulikaa ndani ya Noah mpaka wenzako walipomaliza chai.

Sina hasira na wewe. Umefanya kama tunavyofanyaga. Hata mimi ningesomewa barua ile ningeanza kutafuta sanda. Lakini nikudanganye ili iwe nini? Nimeumia. Mtu akishausikia msiba wake mwenyewe, uji unakosa ladha. Wanaokuja kunijulia hali siku hizi wanakaa upande wa mlango. Alute ananitania, ananiita marehemu. Nacheka naye, akiondoka nalia.

Lete geti.

Kaka yako,
Hezekia

Baba mdogo, haya chini ni yangu, yeye hajui kama nimeyaandika. Tangu Jumamosi hali chakula. Vidonge anavificha chini ya mto. Anasema watu wameshamwaga machozi yao yote, akipona atawasumbua kulia tena. Ugonjwa ni moyo, baba mdogo. Daktari alisema tangu mwezi wa pili. Maji yalianzia miguuni, sasa yamefika tumboni. Alinikataza nisikuambie, alisema ukijua utalipua kazi na geti litashuka vibaya. Niliandika uache treni kwa sababu nilitaka umkute bado ana nguvu za kuongea, mambo ya mota yasikucheleweshe. Sikufikiria utakavyosoma. Simu ya Mzee Alute haina salio, inapokea tu; kama ningekuwa na yangu ningekupigia ukamsikia akikohoa. Nisamehe. Kristina.


Utemini, Singida,
15 Machi 2024

Kaka yangu Hezekia,

Shikamoo. Hiyo ni ya Jumamosi. Shikamoo tena, hiyo ni ya leo.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Sina la kujitetea. Nilikuzika tangu Singida, kaka. Njia nzima nilikuwa nakuzika. Tulipopita pale unapoanza mlima nilikuwa nimeshapanga maneno ya kusema kaburini, maneno mazuri, na nilikuwa najisifu moyoni kwamba ninayo. Kisha nikakukuta umefunga vifungo. Nilishindwa kurudi ndani kwa sababu sikuwa na uso mwingine wa kuja nao. Ule nilioingia nao ulikuwa wa msibani.

Tafadhali kula. Kama hutaki kula kwa ajili yako, kula kwa ajili yangu mimi mjinga.

Sasa nikueleze hali ya geti, na safari hii nakueleza kama ilivyo. Nililifungua. Mota yake ilikuwa ya Mama Felista, nikamrudishia siku ile ile niliyosoma barua. Nimekwenda kwake kuiomba tena, redio ameshampelekea binti yake Itigi. Nimezunguka kwa wanunuzi wa chuma chakavu, wanacho kila kitu isipokuwa redio za kaseti, zilishapondwa zamani. Nimenunua printa mbovu nikaichimbua, mota yake inataka umeme mkubwa ambao betri zangu hazina. Za magari ya watoto zitavunja kibanda tena.

Imebaki mota moja tu nzuri, ile ya redio ya kwa mama, na iko tumboni mwa treni. Nikiiacha kwenye treni, treni itatembea yenyewe, lakini geti utalishusha kwa kidole. Nikiihamishia kwenye geti, geti litashuka lenyewe unavyotaka, lakini treni haitatembea. Nitakuwa naivuta kwa uzi kama watoto. Sema wewe, kaka. Geti au treni? Nijibu kupitia Philipo, sitagusa bisibisi kabla sijakusikia.

Na wewe Kristina mwanangu, kwa kuwa ndiye unayemsomea: hukukosa kitu. Simu yako ndiyo inayolia kama kengele hapa mezani kwangu, na kila ikilia najua ni mimi niliyekunyima sauti. Ila nakuomba jambo. Siku yoyote itakayokuja, usiniandikie kwamba anaumwa. Akiwa hai, andika yuko hai. Akifa, andika amekufa. Mniandikie kama watu wasio na adabu.

Mdogo wako,
Joshua


Utemini, Singida,
21 Machi 2024

Mwanangu Kristina,

Marahaba. Basi la Philipo halijaonekana huku tangu wiki iliyopita, wanasema mvua imekata barabara na maji yanapita juu ya daraja. Jibu la kaka sijalipata, na simu ya Mzee Alute haipatikani tangu mvua hizo. Barua hii nampa mwalimu mmoja anayejaribu kuja huko kwa pikipiki. Ningepanda naye, lakini boksi halipandi pikipiki, na mikono mitupu siji tena.

Nimevunja ahadi yangu, nimegusa bisibisi. Nimekaa na mota ile mezani nikashindwa kuvumilia, maana siku zinakwenda na sijui anakulaje. Nikajiuliza kaka angesema nini. Mtu aliyepaka mti wa geti rangi miaka yote ile bila kuulizwa na mtu, aliyenirekebisha mpaka mlango wa kibanda, hawezi kuchagua treni. Namjua kaka yangu. Mota nimeiweka kwenye geti. Linashuka taratibu, linalala, halitikisiki. Treni nitaivuta kwa uzi mweusi, hatauona.

Mwambie geti limekamilika. Mwambie maji yakipungua tu nakuja nalo, nimelipakata, sitaliweka kwenye buti.

Baba yako mdogo,
Joshua


Kinampanda,
24 Machi 2024

Baba mdogo, shikamoo.

Ulisema niandike kama ilivyo. Baba amekufa. Amekufa jana Jumamosi mchana, nimemshika mkono. Nimechana karatasi nyingi kabla ya hii, kila nikianza mkono unaandika anaumwa. Haumwi. Amekufa.

Mwalimu alifika na barua yako Ijumaa, amelowa mpaka kofia. Nilimsomea baba. Alikuwa anasikiliza vizuri, anatikisa kichwa, hata pale kwenye mlango wa kibanda alitabasamu. Nilipofika uliposema mota umeiweka kwenye geti, alifumba macho. Akasema, "Kumbe hakupata jibu langu." Nikamwambia utalipata, maji yanapungua. Akasema, "Geti nimefunga sana, Kristina." Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu aliyechoka tu. Baada ya hapo aliniomba maji, basi.

Jibu lake alilisema siku ileile ilipofika barua yako ya kuuliza geti au treni, nikaliandika, likakaa dirishani likimsubiri Philipo. Naliweka humu ndani. Mwalimu anarudi leo, atakuletea.

Tutazika Jumatano, tunakungoja. Maji kwenye daraja yamepungua, Noah inapita.

Mwanao,
Kristina


Kinampanda,
17 Machi 2024

Mdogo wangu Joshua,

Marahaba zote mbili.

Mota iache kwenye treni. Geti nitalishusha kwa kidole changu, hata kama kinatetemeka. Kushusha geti hakujawahi kunishinda, ndiyo kazi niliyoifanya. Mimi nilichokosa hakikuwa geti.

Nimekunywa uji nusu kikombe. Usimwambie huyu Kristina anayeandika kwamba nimekuambia, atanijazia kingine.

Hezekia


Utemini, Singida,
25 Machi 2024

Mwanangu Kristina,

Marahaba, na pole, mwanangu. Mwalimu amenipa barua zote mbili pamoja. Nilianza na yako.

Umeandika wazi kama nilivyokuomba, nakushukuru, lakini haikusaidia. Nilisoma neno lile na moyo ukaanza kutafuta namna nyingine ya kulisoma. Nikajiambia hakuna mtu wa kwetu anayeandika hivi, labda kuna kosa. Nikampigia Mzee Alute. Nikamuuliza kaka anaendeleaje. Akasema, "Njooni tu."

Kesho tunakuja. Gari ni lile lile, ila tutakuwa wachache. Wanawake wa mara ya kwanza wamekataa, wanaogopa kumlilia mtu mmoja mara ya pili. Shangazi yako Evodia anakuja, lakini amesema atashuka kimya. Hatafungua mdomo mpaka amwone kwa macho. Umvumilie.

Nilitaka kuirudisha mota kwenye treni, ije ikiwa kama alivyosema. Nilikaa mezani na bisibisi mkononi mpaka nikaona sina ninayemfanyia. Nimeliacha hivyo hivyo.

Kabla sijalifunga kwenye boksi nimelijaribu. Kengele imelia kwanza, peke yake, kama alivyotaka. Kisha mti ukashuka taratibu, ukalala. Treni ilikuwa pale pale kwenye reli, tumbo wazi, haina kitu ndani. Nilikaa nikitazama upande wa reli kwa muda. Hakikupita kitu. Nikabonyeza tena, geti likapanda.

Baba yako mdogo,
Joshua